Ukifungua kampuni, deni la nyumba halikugusi?

Watu wengi wanaamini hivi, kwamba ukitaka nyumba ya kupangisha fungua kampuni kwanza, hati iandikwe jina la kampuni, halafu mkopo ukishindikana benki itahangaika na kampuni tu, wewe na mali zako mko salama. Na imani hii ina msingi jamani, kampuni ya limitedi kweli ni mtu tofauti kisheria, mwenye hisa kwa kawaida hapotezi zaidi ya alichoweka.

Shida iko kwenye mkopo wenyewe. Kampuni changa haina historia wala mali nyingine, sasa benki inamwamini nani? Ndo maana mara nyingi wanakuomba usaini dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa kulipa utalipa wewe, karatasi moja tu ndani ya rundo zima, na ukishasaini basi kwa deni hilo kinga imeondoka, nyumba ikiuzwa na hela isitoshe wanakuja kwako kudai kilichobaki. Kwa madeni mengine ya kampuni kinga bado ipo, ila usichanganye hela za kampuni na za mfukoni, mahakama inaweza kuipuuza kinga hiyo.

Kuangalia mwenyewe inawezekana kabisa. Omba mkataba kabla ya siku ya kusaini, tafuta neno mdhamini, uone jina lako limewekwa kama mkurugenzi au kama wewe binafsi, na kama kuna kikomo cha kiasi, hapo kwenye kikomo ndo watu wengi hawaulizi na mara nyingine kinajadilika. Mwanasheria wako naye asome, sio wa benki.