Mtaka cha mvunguni hamwinamii mtu

Methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" wengi huitumia kumwambia mnyonge ajidhalilishe: unataka kazi, basi mpigie magoti mwenye nayo. Mimi siikubali tafsiri hiyo, na sarufi ya methali yenyewe haiikubali.

Kitenzi chake ni "ainame". Kujinyenyekeza kwa mtu kungedai "amwinamie", yaani kiambishi cha mtendwa na kauli ya kutendea. Hapa hakuna anayeinamiwa. Kuinama ni mkao wa mwili tu, sawa na kusimama. Ndiyo kazi ya ule mwisho wa -ama katika vitenzi vyote viwili.

Taswira imetoka chumbani. Kitanda cha kamba husimama juu ya matendegu manne, yaani miguu yake, yameshikwa na mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja kichwani na kingine miguuni. Nafasi iliyo kati ya kamba na sakafu ndiyo mvungu. Wengine huiita uvungu, na methali husemwa hivyo pia. Humo husukumwa sanduku, chungu, viatu vya siku kuu. Ukisimama wima kando ya kitanda unaona tandiko tu. Vilivyo chini vimezibwa na mfumbati, na hata ukinyoosha mkono haufiki. Ugumu umo katika mahali kitu kilipo. Hakuna mtu anayekizuia.

"Cha" kimebeba neno "kitu" bila kulitaja, kwa hiyo kila msikilizaji hutia haja yake. "Mtaka" nalo haliwezi kusimama peke yake: kama "mpiga" au "mfanya", hudai kijalizo, yaani neno la kulikamilisha. Methali hii haina mtaka wa hivi hivi. Lazima awe mtaka *kitu fulani*, na anajua kilipo.

Neno zito kuliko yote ni "sharti", kutoka Kiarabu. Wapo wanaosema "huinama", lakini hapo methali inapoa, inabaki kueleza mazoea tu. Na sharti si ahadi. Unaweza kuinama ukakuta vumbi. Linganisha na "Mchumia juani hulia kivulini": huyo ametajiwa malipo yake waziwazi, wa mvunguni hakutajiwa.

Katika insha ya methali, yaani kisa kinachotungwa kudhihirisha methali, hapa ndipo wengi huteleza. Mwandishi huleta mtu aliyeokota pochi barabarani akatajirika. Kuinama aliinama, ila hakuwa mtaka: hakuwa na haja iliyotangulia. Wengine humpa mhusika haja, kisha mjomba tajiri anamletea kila kitu nyumbani. Kisa kinachosimama kinahitaji haja inayojulikana tangu aya za mwanzo, kizuizi kinachoeleza kwa nini haifikiki kirahisi, na tendo la mhusika mwenyewe linalomgharimu usingizi, fedha au fahari. Tendo hilo lipewe aya nyingi kuliko mengine.