Tango: lioshe kabla ya kulimenya

Haipiti wiki kliniki bila mtu kuniuliza kama maji ya tango yanakata kitambi. Hayakati. Hakuna mboga inayoyeyusha mafuta mwilini. Ila gramu 100 za tango zina kalori kama 15 tu, maana takriban asilimia 95 yake ni maji. Ukijaza nusu ya sahani kwa tango na mboga nyingine, ukapunguza wali, utaona tofauti. Ukishushia chipsi mayai kwa maji ya tango, hutaiona.

Vitamini K na nyuzinyuzi nyingi za tango ziko kwenye ganda lake, lile tunalolitupa. Vitamini hiyo husaidia damu kuganda mtu anapojikata. Hata hivyo, mchicha unazo vitamini na madini mengi zaidi, kwa hiyo kachumbari isichukue nafasi ya mboga za majani mezani.

Linalonisumbua zaidi ni usafi. Mtazame muuzaji wa matango ya kumenya pale stendi: tango linamenywa, linapasuliwa kwa urefu, linapakwa chumvi na pilipili, kisha kisu kinatumbukizwa kwenye ndoo ileile ya maji tangu asubuhi. Tango haliivishwi, hivyo hakuna moto wa kuua vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Nyumbani nako wengi humenya kwanza, ndipo waoshe. Kisu kinachopita kwenye ganda lenye udongo huingiza uchafu ndani. Lisugue tango zima kwa maji safi yanayotiririka, kausha, ndipo ukate.

Kwenye kachumbari, chumvi ndiyo inayoharibu mambo, kwani huvuta maji kutoka kwenye tango. Ukiitia mapema, pilau itaogelea. Kata nyanya, kitunguu na tango, kamulia ndimu, chumvi itie watu wakiwa wameshanawa. Kwa mtindi wa kulia biriani fanya kinyume: kwangua tango, litie chumvi, subiri dakika 10, likamue kwa mkono, ndipo uchanganye. Mtindi utabaki mzito.

Tango lililokosa maji shambani wakati wa jua kali huwa chungu, hasa upande wa kikonyo. Kata ncha, onja kipande. Likiwa chungu mpaka katikati litupe, maana kemikali zinazoleta uchungu huo zinaweza kuvuruga tumbo.