Je, wajua kwa nini "nilikuwa najua" haiwi "I was knowing"?

Juzi pale mwaloni Kirumba dogo mmoja anayejifunza Kiingereza alinionyesha daftari lake, kaandika "I was knowing him" mwalimu kapiga mkasi, akaniuliza kaka mbona Kiswahili chake ni nilikuwa namjua, kosa liko wapi? Swali zuri sana hilo, na wengi linatusumbua.

Tensi yenyewe, past continuous, yaani ya tendo lililokuwa linaendelea wakati uliopita, kuiunda sio kazi. Unachukua "was" au "were" halafu kitenzi chenye -ing. I, he, she, it wanabeba was. You, we, they wanabeba were, hata kama huyo "you" ni mtu mmoja tu. Ukiacha kimoja imeharibika, ndo unasikia "I was read" au "they selling fish".

Sasa chukua hii: "When the ferry arrived, the women were drying dagaa." Yaani kivuko kinatia nanga Nansio, akina mama walishaanza zamani, wameinama na dagaa wabichi bado wanang'aa kwenye mchanga, mikono inatandaza. Kile kirefu ndo "were drying", kilichokatiza katikati ndo "arrived". Ukisema "the women dried dagaa" umebadilisha habari, inakuwa kama walisubiri kivuko kifike ndo waanze kuanika.

Tatizo letu liko hapa: "nilikuwa na-" ya Kiswahili inabeba mizigo mingi kuliko was na -ing. Ukisema "zamani nilikuwa navua Ukerewe" unaongelea mazoea ya miaka, Mwingereza hapo anasema "I used to fish", maana "I was fishing" anakuona uko ndani ya mtumbwi na nyavu mkononi wakati huo huo. Na vitenzi vya hali, kama know, want, believe, own, kwa kawaida havikai kwenye -ing kabisa, kwa sababu kumjua mtu sio shughuli unayokutwa uko katikati yake kama kutandaza dagaa, unamjua hata ukiwa umelala. Kwa hiyo ni "I knew him", basi.

Dogo akachukua peni akaandika upya: "I knew him when we were living in Ukerewe." Kujua kumoja, kuishi kumoja, na zote mbili ziko sawa.