Drumcliff na majina yake ya Kigaeli

Drumcliff ni parokia ya mashambani kaskazini mwa kaunti ya Sligo, Ayalandi, chini ya mlima Benbulbin. Anayejua Kiingereza akiliona jina hilo huhisi lina jabali (cliff) ndani yake. Halina. Jina lenyewe, kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Waayalandi, ni Droim Chliabh. Droim ni mgongo, wa mtu au wa ardhi iliyoinuka, kama nasi tunavyosema mgongo wa mlima. Cliabh ni kikapu. Ni mgongo wa vikapu.

Umbo la leo la jina limetokana na ramani. Kati ya 1824 na 1846 serikali ya Uingereza iliipima Ayalandi nzima ili itoze kodi ya ardhi kwa usawa. Mwanazuoni John O'Donovan, aliyefika Sligo mwaka 1836, alikuwa akiwasikiliza wenyeji wanavyotamka majina, kisha akayalinganisha na maandishi ya kale. Umbo la Kigaeli aliliandika daftarini. Ramani, hata hivyo, zilichapishwa kwa tahajia ya Kiingereza, na ndiyo iliyokwenda shuleni, mahakamani na kwenye hati za mashamba.

Ndiyo maana sisi tunaochunguza asili ya majina ya mahali hatufasiri jina kwa kulitazama tu. Kil- mwanzoni mwa jina la Kiayalandi inaweza kuwa cill, yaani kanisa, au coill, yaani msitu, na ramani haikutofautishii. Ni lazima kutafuta jinsi jina lilivyoandikwa zamani, na kwenda kuangalia ardhi yenyewe.

Katika Drumcliff bahati ni njema, kwa sababu maandishi ya zamani yapo. Lissadell, kitongoji cha parokia hii, ni Lios an Doill, ngome ya duara ya kipofu. Tarihi za Ayalandi zinalitaja jina hilo katika habari za mwaka 1213: msimamizi wa mtawala Ó Domhnaill alikwenda kudai kodi nyumbani kwa mshairi Muireadhach Ó Dálaigh wa Lissadell, akamtolea maneno ya dharau, na mshairi akamuua kwa shoka. Kisa hicho kinatuthibitishia kwamba karne nyingi kabla ya wapima ramani jina lilikuwa linatumika na maana yake inasomeka.

Tambarare iliyo kando ya bahari, Maugherow, ni Machaire Eabha. Machaire ni uwanda. Eabha, kwa mujibu wa masimulizi ya kale ya majina ya mahali, alikuwa tabibu wa kike aliyelala usingizi ufukweni, maji yakajaa yakamzamisha. Hii ni hekaya, nami naithamini kama hekaya: inaonyesha wenyeji walivyokumbuka hatari ya ufuko huo.

Glencar, upande wa mashariki, ni Gleann an Chairthe, bonde la jiwe lililosimikwa.

Tangu 2008 mtu yeyote anaweza kutafuta maumbo ya zamani katika hifadhidata ya umma, logainm.ie. Anayefuatilia asili ya babu zake aanze kwa jina la kitongoji, kisha asome safu ya tahajia za karne zilizopita kabla ya kukubali tafsiri yoyote.