Wafanyakazi wasiolipwa katika kipimo cha mipango ya uzeeni Marekani: dhana potofu na ukweli

Kifungu cha 410(b) cha sheria ya kodi ya Marekani kinamtaka mwajiri mwenye mpango wa akiba ya uzeeni aoneshe kuwa mpango huo hauwanufaishi wakubwa peke yao. Kwa kawaida asilimia ya wafanyakazi wa kipato cha kawaida wanaonufaika hugawanywa kwa ile ya wenzao wa kipato cha juu, na jibu halipaswi kupungua asilimia 70. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko katika kujua nani ahesabiwe.

Wengi hudhani kwamba asiyekuwamo kwenye orodha ya mishahara ya Desemba hahesabiwi. Kwa kweli, aliyeacha kazi ndani ya mwaka huondolewa ikiwa tu saa zake za kazi hazikuzidi 500, na ikiwa alikosa mchango wa mwajiri kwa sababu tu mpango unadai idadi fulani ya saa au kuwapo kazini siku ya mwisho ya mwaka. Chukua kampuni yenye wafanyakazi 10 wa kawaida na wakubwa 2, ambao wote wawili wamepata mchango. Mmoja wa wale 10 aliondoka Februari akiwa na saa 300, na watatu waliondoka Oktoba, kila mmoja akiwa amepita saa 1,500. Mhasibu anayewafuta wote wanne anapata 6 kwa 6 na kufurahi. Hesabu sahihi ni 6 kwa 9, yaani asilimia 66.7, na mpango umeanguka.

Kosa hilohilo hufanywa kwa aliye likizo bila malipo. Mtu aliyefanya kazi saa 400 hadi Machi, kisha akaenda kuuguza mzazi bila kuacha ajira, hawezi kuondolewa kwa kigezo cha saa 500, kwa sababu kigezo hicho ni cha walioacha kazi. Ikiwa mpango unadai saa 1,000 ndipo mtu apate mchango, yeye atahesabiwa kama asiyenufaika, jambo ambalo waajiri hulilalamikia, ingawa masharti ya mpango waliyaweka wao.

Kwa upande wa makato ya hiari ya 401(k), yaani sehemu ya mshahara ambayo mfanyakazi mwenyewe huchagua kuiweka kwenye mpango, mambo hugeuka: mwenye haki ya kukatwa huhesabiwa kuwa ananufaika hata asipoweka senti moja.

Wako pia wanaoamini kwamba mwenye kampuni asiyejilipa mshahara si wa kipato cha juu. Anayemiliki zaidi ya asilimia 5, mwaka huu au uliotangulia, ameingia kundi hilo bila kujali mshahara, na hisa za mwenzi wake wa ndoa huhesabiwa kama zake.

Mwisho, mpango ulioanguka haufi papo hapo. Upo mtihani mwingine wa wastani wa mafao, na mpango unaofuata mwaka wa kalenda unaweza kurekebishwa hadi Oktoba 15 ya mwaka unaofuata. Katika kampuni ile, kumpa mchango mmoja tu wa wale watatu wa Oktoba, mradi awe ameshajipatia haki ya kudumu ya akiba yake, kungeleta 7 kwa 9, yaani asilimia 77.8.