Kipindupindu kinamalizaje maji mwilini? Maswali yenu haya hapa

Swali: Dokta, mtu anaharisha asubuhi, mchana macho yashazama. Hawa bakteria wanakula utumbo?

Hawali. Wala ndani ya seli hawaingii, wanajishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba wanatema sumu, na hiyo sumu ndo inafanya kazi yote, ndo maana mara nyingi mgonjwa hana homa wala damu kwenye choo, anatoa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mwaka 1959 kule Kolkata mtafiti S. N. De alichuja bakteria wote akabaki na maji yao tu, akayaweka kwenye utumbo wa sungura, utumbo ukajaa maji vilevile!

Swali: Sumu inafanyaje sasa?

Ni protini ya vipande 6. Vitano vinang'ang'ania nje ya seli, kimoja kinapenya ndani kinaenda kuikwamisha protini inayowasha kimeng'enya fulani, ibaki inawasha tu, kimeng'enya kikishawaka hakizimiki, kemikali inayoitwa cAMP inajaa humo, basi njia za kutolea kloridi zinabaki wazi kama koki iliyokatika, chumvi inatoka na maji yanaifuata. Aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita 1 kwa saa. Na seli yenyewe iko hai.

Swali: Mama mkwe anasema asinywe kitu eti ataharisha zaidi, jirani huku Manzese anasema maji matupu yanatosha. Nani mkweli?

Hakuna, tena ushauri wa mama mkwe (shikamoo yake) unaua. Kuna njia moja sumu haijaigusa, ile inayoingiza sodiamu (ya kwenye chumvi) ikiongozana na glukosi (aina ya sukari), na maji yanapita hapohapo, kwa hiyo maji matupu hayatoshi. ORS (unga wa chumvi na sukari wa dukani) pakti 1 kwenye maji salama lita 1. Duka limefungwa? Sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vya kusawazisha sio vya mlima, lita hiyohiyo. Soda hapana, sukari yake nyingi inavuta maji utumboni. Kuharisha hakukatiki saa hiyohiyo, we endelea kumnywesha. Akitapika subiri dakika 10 umpe kidogokidogo.

Swali: Dawa za kuua bakteria je?

Zinafupisha ugonjwa, ila sumu iliyokwisha ingia haitoki kwa kidonge, inaisha seli za utumbo zikijibadilisha, ni siku chache. Akilegea, hakojoi au hawezi kunywa, bodaboda, bajaji, chochote, mkimbizeni akawekewe dripu, ORS anywe njiani kama anameza. Na nyie mnaotapisha vyoo mvua ikinyesha, yale maji yanaingia visimani, mnajua.