Eukaireo: kitenzi cha Kigiriki ambacho maana yake ni "kuwa na nafasi"

Wengi tumeshasikia mahubiri ya kairos, kwamba ni wakati muafaka, majira yenyewe. Sasa kuna kitenzi kimezaliwa humo humo ambacho hakisemwi sana nacho ni eukaireo. Eu ni vizuri, kairos ndo huo wakati, lakini usiunganishe ukadhani ni kustarehe kama kwenye sherehe, hapana, maana yake ni kuwa na nafasi, yani ile nafasi yetu ya kila siku ya "leo sina nafasi njoo kesho" au "nikipata nafasi ntapita hapo kwenu".

Kwenye Agano Jipya lote kitenzi hiki kipo mara 3 tu, na raha yake ni kwamba Biblia ya Union, ile tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, mara zote 3 imeweka nafasi. Mi naona hapa Kiswahili kimelipatia neno kuliko lugha nyingi, maana wengine inabidi wachague, hapa waseme muda, pale waseme fursa, sisi neno moja linabeba vyote.

Ya kwanza ni Marko 6:31, na hii ndo naipenda zaidi. Mitume wametoka safari, wamechoka, wamemsimulia Yesu waliyoyafanya, lakini watu wanakuja wengine wanaenda, mmoja hajamaliza shida yake mwingine kashafika, "hata haikuwapo nafasi ya kula". Yani mkate upo mkononi na hauendi mdomoni. Yesu akawaambia njoni faragha mkapumzike kidogo, na kupumzika kwetu kumetokana na pumzi, alafu nafasi yenyewe imetoka kwenye Kiarabu, na huko nafas ni pumzi. Kwahiyo ukiisoma kwa Kiswahili unaona kabisa watu waliokosa hata pa kuvutia pumzi.

Ila rudi nyuma mistari 10 tu, sura hiyo hiyo, 6:21, Marko anasema ikatokea "siku ya kufaa", na Kigiriki chake ni eukairos, ukoo ule ule. Siku gani hiyo? Sikukuu ya kuzaliwa kwa Herode, karamu, wakubwa wameketi wanakula, na Herodia aliyekuwa anamvizia Yohana Mbatizaji muda mrefu siku hiyo ndo akapata upenyo na kichwa cha Yohana kikaletwa kwenye sinia. Wa ikulu wana nafasi ya kula na ya kuua, wa Yesu hawana hata ya kula. Sidhani Marko aliyaweka karibu hivyo bila kuona. Na Yuda naye alipoanza kutafuta namna ya kumsaliti, Mathayo 26:16 na Luka 22:6 zinatumia nomino yake, eukairia, kwahiyo neno lenyewe halina utakatifu wowote, linategemea ni nani anayeitafuta hiyo nafasi na ya nini.

Ya pili ni Matendo 17:21, Waathene hawakuwa na nafasi kwa neno lolote ila kutoa na kusikiliza habari mpya, hapo ni kutumia muda wako wote kwenye kitu kimoja. Ya tatu 1 Wakorintho 16:12, Paulo anasema mhubiri mwenzake Apolo hakutaka kwenda Korintho wakati ule, "atakuja atakapopata nafasi". Wapo wanaosoma hapo wakaona Apolo anakwepa, mi naona ni lugha ya kawaida tu, mambo yakimkalia vizuri atakuja.

Wagiriki wengine walilitumia hata kwa mtu aliyefanikiwa, mwanahistoria Polybius analitumia hivyo, kama sisi tunavyosema fulani ni mwenye nafasi. Wataalamu wa Kigiriki safi hawakulipenda, Phrynichus wa karne ya 2 alisema ni bora kutumia skhole, yani muda wa mapumziko usio na kazi, na hiyo skhole ikapita Kilatini ikapita Kijerumani ikatufikia sisi ikiwa shule.

Kinyume cha eukaireo nacho kipo mara moja tu kwenye Agano Jipya, akaireomai, Wafilipi 4:10. Paulo yuko kifungoni, msaada wao umechelewa, na badala ya kuwalaumu anawaandikia kwamba alijua wanamfikiria siku zote, "lakini hamkupata nafasi".